Alzheimer: yanayosemwa na yanayotokea ndani ya ubongo

Dhana: Ni uzee tu, kila mzee husahau.
Ukweli: Umri huongeza hatari, lakini Alzheimer ni ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Kusahau ulikoweka funguo ni kitu kimoja, kushika funguo na usijue ni za nini ni kingine kabisa. Ubongo huanza kubadilika miaka 15 au zaidi kabla ya dalili kuonekana.

Dhana: Amiloidi-beta, protini inayorundikana kwenye ubongo wa wenye Alzheimer, ni sumu inayotoka nje ya mwili.
Ukweli: Sote tunaitengeneza, hata wewe unayesoma hapa. Kwenye utando wa seli za neva kuna protini ndefu iitwayo APP. Vimeng'enya viwili huikata kwa zamu, na kipande kinachochomoka, ambacho ndicho amiloidi-beta, huwa na asidi amino (matofali yanayojenga protini) 40 hivi. Kwa kawaida mwili hukiondoa. Kile chenye asidi amino 42 ndicho kikorofi, maana hunatana na wenzake kwa urahisi na kufanya mabonge. Jeni ya APP iko kwenye kromosomu ya 21, na ndiyo maana watu wenye hali ya Down, walio na kromosomu hiyo tatu, karibu wote huwa na mabonge ya amiloidi wafikapo miaka 40.

Dhana: Mabonge makubwa ndiyo yanayoua seli.
Ukweli: Hapa ndipo wengi tunapokwama, na si ajabu, kwani mabonge hayo ndiyo daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliyoyaeleza mwaka 1906. Lakini wapo wazee waliofariki akili zikiwa timamu, na ubongo wao ukakutwa umejaa mabonge. Ushahidi mwingi leo unaelekea kwenye vikundi vidogo vya vipande vya amiloidi vinavyoelea kati ya seli. Vikundi hivyo hung'ang'ania sinapsi, yaani pale seli mbili zinapopashana habari, vikavuruga kazi ya glutamati, kemikali inayobeba habari hizo, na kuacha kalsiamu ifurike ndani. Sinapsi hunywea na kupotea. Seli bado ni hai, ila haisikilizani tena na jirani zake. Baadaye protini ya tau hujisokota ndani ya seli, na kusambaa kwake huendana zaidi na upotevu wa kumbukumbu kuliko mabonge yenyewe.

Dhana: Ukiondoa amiloidi, mgonjwa anapona.
Ukweli: Dawa ya lecanemab, iliyopata idhini kamili Marekani mwaka 2023, huondoa amiloidi kweli. Katika jaribio la miezi 18 ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27, kwa wagonjwa wa hatua za mwanzo. Huweza pia kuvimbisha ubongo au kuuvujisha damu, kwa hiyo wanaoitumia hupigwa picha za ubongo mara kwa mara. Seli zilizokwisha kufa hairudishi.