Uganda ina wafalme, na bado ni jamhuri

Wengi hudhani nchi ni ama ya kifalme ama jamhuri, basi. Wakisikia Uganda ina Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, ufalme ulio ndani ya nchi hiyo, wanahitimisha kwamba anagawana madaraka na rais. Sivyo.

Kosa hilo lina asili yake. Mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru, Kabaka Mutesa II wa Buganda alifanywa Rais wa Uganda, huku Milton Obote akibaki Waziri Mkuu. Mtu mmoja, vyeo viwili: mfalme wa sehemu, mkuu wa nchi nzima. Ungetarajia nini? Mei 1966 jeshi lilivamia kasri lake Mengo, akakimbilia Uingereza, akafia London mwaka 1969. Katiba ya 1967 ikafuta falme zote.

Zilirejeshwa 1993, na Mutebi II akatawazwa Kabaka Julai mwaka huo, ila kwa sura nyingine kabisa. Ibara ya 246 ya Katiba ya 1995 inamtambua kiongozi wa jadi lakini inamkataza siasa za vyama na mamlaka ya kiserikali. Hakuna anayeweza kulazimishwa kumtii wala kumchangia. Buganda ina Katikkiro, ambaye ni waziri mkuu wake, na bunge lake, Lukiiko, hukutana katika jengo la Bulange. Sheria za nchi hazitungwi humo.

Hata hivyo, kukosa mamlaka si kukosa nguvu. Septemba 2009 serikali ilipozuia ziara ya Kabaka wilayani Kayunga, Kampala iliwaka moto na watu wakauawa. Hilo halimo katika ibara yoyote.