Kabla ya tabianchi, mfundishe mtoto kupima mvua

Muulize mwanafunzi wa darasa la sita mabadiliko ya tabianchi ni nini, atakujibu bila kupumua: "Ni ongezeko la joto duniani linalosababishwa na shughuli za kibinadamu." Muulize sasa mwaka jana mvua za kwanza zilinyesha lini hapo shuleni kwao. Kimya. Sisi wa hali ya hewa tunapokwenda kutoa elimu mashuleni tunakutana na kimya hicho mara nyingi, na mwalimu naye huanza kuangalia dirishani.

Wengine hujibu kwamba tabaka la ozoni limetoboka na jua linapitia hapo. Hilo ni jambo jingine kabisa, lakini limeganda vichwani, hata vya watu wazima. Joto linaongezeka kwa sababu hewa ya ukaa inayotokana na makaa ya mawe, mafuta na misitu inayochomwa inalizuia lisitoroke kwenda angani. Kabla ya enzi za viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, takriban 280 zilikuwa za hewa hiyo. Leo zimepita 420. Afrika nzima inachangia karibu asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa inayozalishwa duniani kila mwaka, kwa hiyo tusimwambie mtoto kwamba jiko la mkaa la mama yake ndilo limeharibu dunia. Mlima wa kijijini kwao unapobaki kipara na kisima kikakauka, hapo ndipo pa kuzungumzia mkaa.

Mimi ningeanza na chupa. Chukua chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, kata sehemu ya juu, igeuze na kuichomeka kama faneli ili maji yasikaushwe na jua. Tia kokoto chini, mimina maji mpaka yafunike zile kokoto, kisha bandika rula na sifuri yake ianzie hapo maji yalipofika. Isimamishe uwanjani, mbali na paa na miti, juu kidogo ya ardhi ili matone yasirukie ndani. Isomwe kila siku saa tatu asubuhi, saa ileile tunayosoma sisi vituoni.

Shule moja ya Dodoma ilifanya hivyo, na makosa yakaja haraka. Jumatatu ya pili chupa ilionyesha milimita 40, darasa likashangilia. Kumbe Jumamosi na Jumapili hakuna aliyefika. Ilikuwa mvua ya siku tatu. Akafundishwa mlinzi, mzee ambaye baadaye alikuwa mkali kuliko wote. Likazuka na suala la siku kavu: watoto walikuwa wakiziacha wazi daftarini, eti hakuna cha kuandika. Tukawaeleza kwamba sifuri nayo ni kipimo. Nafasi tupu maana yake hukwenda kuangalia.

Niseme wazi, daftari la miaka miwili halithibitishi mabadiliko ya tabianchi. Mvua ya leo ni hali ya hewa. Tabianchi ni mwenendo wa miaka mingi, kwa kawaida 30, na mwalimu asimruhusu mtu kuyachanganya. Ila mtoto aliyesoma chupa kwa mikono yake, ukimletea rekodi za miaka 30 za kituo cha karibu, anajua kila namba ilipatikanaje, na anajua pia pa kuitilia shaka.

Na namba hizo zinazaa hesabu. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Usiku mmoja zilinyesha milimita 24. Wanafunzi wakapima paa la darasa lao: mita 9 kwa 7. Hizo ni lita 1,512, yaani zaidi ya madumu 75 ya lita 20. Hata ukitoa moja ya tano inayopotea, yanabaki madumu 60. Wasichana waliokuwa wakifuata maji kisimani, dumu kichwani, walinyamaza kidogo, halafu mmoja akauliza, "Kwa hiyo, mwalimu, yote yalikwenda wapi?" Yalikuwa yamechimba korongo nyuma ya vyoo. Hesabu ile ilipelekwa kwenye kamati ya shule kwa mwandiko wa watoto wenyewe. Darasa moja lilipata mifereji ya kukingia maji. Tangi kubwa bado.

Miti ndiyo iliyoleta ubishi. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni 1 Aprili. Kwa watu wa pwani na Arusha tarehe hiyo iko ndani ya masika, haina tatizo. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, na Aprili unaelekea ukingoni. Daftari lilionyesha hivyo bila kuzunguka: baada ya Aprili, sifuri zikafuatana kurasa kwa kurasa mpaka karibu na mwisho wa mwaka. Watoto wakauliza kwa nini kila mwaka tunapanda miche ife.

Msimu uliofuata miarobaini ilipandwa Januari, siku mbili baada ya chupa kuonyesha milimita 31. Sherehe ya Aprili haikufutwa. Wageni walipofika walipewa majembe, wakapalilia.