Je, Wajua kwa Nini Hewa Ukaa Hainaswi Kwenye Ekzosi ya Lori?

Anayesimama Tengeru asubuhi huyaona malori yakipanda kuelekea Arusha na kuacha moshi mweusi. Weusi ule ni masizi. Hewa ukaa inayotoka pamoja nayo haionekani. Lita moja ya dizeli, yenye uzito wa gramu 840 hivi, huzaa takribani kilo 2.6 za hewa ukaa, kwa kuwa kila chembe ya kaboni hujichukulia chembe mbili za oksijeni kutoka hewani.

Kuinasa kwa kemikali kunawezekana. Hewa ukaa ikiingia majini huwa asidi hafifu, hivyo hushikwa na kimiminika chenye alikali. Hata maji ya magadi ya Ziwa Natron, yale magadi tunayotia kwenye makande, huishika, ila polepole mno. Viwandani hutumika amini, kemikali za alikali zilizo jamaa ya amonia, njia ambayo Robert Bottoms aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1930: amini iliyochanganywa na maji huinasa hewa ukaa kwenye nyuzi 40 hivi za Selsiasi, kisha ikipashwa moto hadi karibu nyuzi 120 huiachia, na amini hupozwa ili itumike tena. Mtambo wa Sleipner wa Norwei umetumia amini tangu 1996 kutenga hewa ukaa na gesi asilia, na hewa hiyo hushindiliwa chini ya sakafu ya bahari.

Kikwazo cha lori ni mzigo. Tuchukue lori linalotumia lita 30 kwa kilomita 100: kutoka Moshi hadi Arusha, kilomita 80 hivi, litachoma lita 24 na kutoa zaidi ya kilo 60 za hewa ukaa. Kilo moja ya myeyusho wenye amini asilimia 30 haiwezi, kwa hesabu ya kemia, kushika zaidi ya gramu 110 hivi, kwa hiyo kuinasa yote kwa mkupuo mmoja kungehitaji zaidi ya nusu tani ya myeyusho. Ukiamua kuusafisha myeyusho njiani, yaani kuupasha moto uiachie hewa ukaa ili utumike tena, utahitaji mnara, pampu, kompresa na mtungi imara wa kuhifadhia hewa ukaa, na mtungi huo utazidi kuwa mzito kadiri tangi la mafuta linavyopungua.

Joto la kuusafishia myeyusho lipo, maana karibu theluthi ya nishati ya mafuta hutokea kwenye ekzosi. Hata hivyo si lote linalovunika, na moshi wenyewe sharti upozwe kabla ya kugusa amini, jambo linalodai rejeta ya ziada. Masizi, salfa na oksijeni nazo huiharibu amini taratibu.

Kwa maoni yangu, dawa hii inafaa zaidi jenereta kubwa na boila za viwandani, ambazo hazijibebi zenyewe kupanda mlima. Kwa upande wa vyombo vya usafiri, meli ndiyo yenye nafasi: mwaka 2021 wahandisi wa Japani walifunga mtambo mdogo wa aina hii kwenye meli ya makaa ya mawe iitwayo Corona Utility, wakainasa hewa ukaa kutoka kwenye moshi wa injini yake ikiwa safarini.