Wengi wakishakubali, wachache wanabaki na nini?

Nafundisha sheria za serikali za mitaa, na mara nyingi nipo vijijini Kasulu na wenyeviti na wajumbe wa halmashauri za vijiji. Katika kijiji kimoja niliomba daftari la muhtasari wa mkutano mkuu. Ukurasa mmoja ulisema waganga wa kamchape waitwe, waingie kila nyumba kusaka uchawi, na kila kaya itoe mchango. Chini yake: "Waliokubali: wengi. Waliokataa: wawili." Majina ya hao wawili yaliandikwa na kupigiwa mstari.

Mwenyekiti aliona nimenyamaza. "Mwanasheria, akidi ilitimia, mikono ikahesabiwa. Demokrasia si ndiyo hiyo?"

Swali lake ni zito kuliko linavyosikika. Mkutano mkuu ndicho chombo cha juu cha kijiji, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wake. Mikono mingi inaweza kuamua kisima kichimbwe wapi. Kumfanya bibi fulani kuwa mchawi, haiwezi. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda maskani ya kila mtu. Ya 13 inakataza hata aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika, na pale hapakuwa na aliyeshtakiwa. Haki hizo ziliwekwa mahali ambapo mkutano wa kijiji haufiki, kwa makusudi kabisa.

Taifa zima liliwahi kukabiliwa na swali hili. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali iliwauliza wananchi: chama kimoja au vingi? Karibu asilimia 80 walitaka kimoja. Tume ikapendekeza vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Wapo wanaosema wengi walipuuzwa. Sikubaliani nao. Waliotaka chama kimoja walibaki na chama chao, hawakunyang'anywa kitu. Waliotaka vingi wangenyimwa haki ya kujumuika, eti kwa sababu tu ni wachache.

Wakati wa chai bibi mmoja alinifuata nje. Alikuwa mmoja wa wale wawili. Aliniuliza kama jina lake laweza kufutwa daftarini, maana tangu siku ile majirani hawamwazimi hata jembe.

"Bibi, kukataa ni haki yako. Jina lako halina kosa pale."

Akafikiri kidogo. "Basi jina libaki. Ule mstari ndio waufute."