Saa moja ya nani? Kupima wasikilizaji wa redio Mwanza

Kinachoharibu takwimu za redio huku Kanda ya Ziwa kuliko kitu kingine ni saa. Mama lishe wa Kirumba anaulizwa jana alifungulia redio lini. "Saa moja." Mdodosaji anaandika 01:00, na grafu inaonyesha mji mzima ukisikiliza usiku wa manane, asubuhi kimya. Dodoso liwe na "saa 1 asubuhi" na "saa 1 jioni", kompyuta ndiyo ibadilishe. Seva za matangazo ya mtandaoni nazo nyingi hutunza muda wa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa 3: taarifa ya habari ya saa 1 asubuhi utaikuta kwenye 04:00.

Halafu nani yuko nyumbani? Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa na kulala mchana. Ukibisha hodi mwaloni, wanakoshushia samaki, saa 4 asubuhi, utahoji wake zao na wenye maduka. Mwezi mpevu ukifika, wengi hawaingii ziwani, na usiku wao unakuwa mwingine kabisa. Kwa hiyo tandaza kazi ya uwandani kwenye wiki 4, si siku 7. Ndani ya kaya chagua mtu mmoja kwa jedwali la Kish, linaloteua wa kuhojiwa kwa nasibu kati ya wanakaya. Asipokuwepo, rudi hata mara 3 kwa saa tofauti. Jirani hafai kuwa mbadala.

Watu 384 waliochaguliwa kwa nasibu wanatoa kosa la pointi 5 za asilimia juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Mteja akitaka vijana wa Ilemela tu, ukabaki na 60, kosa linakaribia pointi 13. Redio mbili zikipishana kwa pointi 4 hapo, hakuna aliyeshinda, hata kama mabango yameshachapwa.

Mtandaoni mashine huhesabu miunganisho, si watu. Simu ya abiria wa kivuko cha Nansio ikikatika mara 6, inaweza kuhesabiwa kama wasikilizaji 6. Na kampuni ya simu ikipitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya IP, namba inayotambulisha muunganisho mtandaoni, wanageuka mtu mmoja. Mimi hufuta roboti, yaani programu zinazojiunganisha zenyewe, na miunganisho isiyofika sekunde 60, kisha nagawa saa zote za usikilizaji kwa urefu wa kipindi. Kipindi cha saa 2 chenye jumla ya saa 600 kina wastani wa wasikilizaji 300 kwa wakati mmoja.

Usiijumlishe idadi hii ya mtandaoni na ya dodoso. Wa Igoma anayesikiliza kwa simu huenda yumo kote kuwili, na simu moja ya kinyozi inasikilizwa na benchi zima.