Injini ikilia "ta!" si lazima betri imekufa
Pale Matema, kwenye Ziwa Nyasa, injini kuukuu ya boti ikilia "ta!" bila kuzunguka, utasikia: betri imekufa. Mtu ananunua mpya, na mlio ni uleule. Inaniuma, maana kwa mvuvi bei ya betri si pesa ndogo.

Mlio huo unaonyesha tu kwamba swichi ya stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, imevuta. Pima betri ikiwa imetulia: volti 12.6 au zaidi, imejaa. Kisha mwenzako awashe, nawe upime tena wakati huohuo. Ikibaki juu ya volti 10 na stata haizunguki, anza na nyaya kabla ya kuifungua stata. Fungua waya wa hasi pale unaposhikana na injini. Mara nyingi chini ya nati kuna unga wa kijani. Sugua kwa msasa mpaka shaba ing'ae, kaza, washa.