Mvuke Haukumpumzisha Mvuvi

Juma lililopita, baada ya kumaliza mhadhara kuhusu trola za mvuke za Bahari ya Kaskazini, yaani meli za uvuvi zinazokokota wavu chini ya bahari, kijana mmoja mwenye adabu alisimama akasema kwamba wavuvi wa Uingereza walipata bahati kubwa karne ya 20 ilipoanza, kwa sababu mashine iliwatua mzigo na kazi yao ikawa nyepesi. Maneno hayo nimeyasikia kwa wanafunzi, kwa wahandisi wenzangu, na kwa watu wazima ambao wangepaswa kujua zaidi. Muda ulikuwa umekwisha, nikamjibu kwa sentensi mbili, kisha nikarudi nyumbani nimekereka. Sasa nataka kumjibu kwa ukamilifu, maana kosa hili linawafutia jasho lao watu waliofanya kazi hadi wakalala wamesimama.

Nilitumikia vyumba vya injini kwa miaka mingi kabla ya kugeukia historia ya kazi za baharini, na jambo moja nililojifunza huko chini ni kwamba mashine haimpumzishi mtu kwa kuwapo kwake tu. Inategemea ni nani aliyeinunua, amekopa kiasi gani kuinunua, na anataka imrudishie nini kila inapowashwa.

Nipitie haraka mambo yasiyobishaniwa. Mwaka 1877, huko North Shields, bandari ya Uingereza, William Purdy alifunga wavu kwenye meli yake kuukuu ya kuvutia vyombo bandarini, iliyoitwa Messenger, akathibitisha kwamba mvuke unaweza kukokota wavu na kuleta faida. Mwaka 1881 bandari ya Grimsby ikapata Zodiac, trola ya mvuke iliyoundwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo. Mwaka 1894 Scott wa Granton, Uskoti, akatoa wavu wa milango, ambao mdomo wake huachamishwa na mbao mbili zinazosukumwa na maji, nao ulisukuma kando wavu wa boriti, ambao mdomo wake ulishikiliwa wazi na gogo, kwa muda wa miaka michache. Karne mpya ilipoingia, bandari za Hull na Grimsby zilikuwa zimekwisha kuyaacha matanga, ilhali zile za Brixham na Lowestoft ziliendelea nayo kwa miongo mingine.

Kinachoniudhi ni neno lenyewe, mvuke, ambalo watu hulitumia kana kwamba lilishuka baharini siku moja likiwa kitu kimoja. Kazi iliyowavunja migongo watu wa jahazi ilikuwa kuizungusha winchi ya mkono ili kupandisha wavu wa boriti kutoka chini ya bahari, kazi ambayo katika hali mbaya ya hewa iliweza kuchukua saa kadhaa. Mzigo huo ulitulia kabla ya trola za mvuke kuenea, kwa sababu katika miaka ya 1870 na 1880 majahazi mengi yalifungwa boila ndogo iliyoendesha winchi peke yake, huku chombo chenyewe kikiendelea kwenda kwa tanga. Kwa hiyo anayesema kwamba trola ya mvuke ilimwondolea mvuvi adha ya kuvuta wavu anaisifu meli kwa kazi iliyofanywa na winchi ya jahazi. Ikiwa mvuke uliwahi kumhurumia mvuvi, ulimhurumia hapo, kwa kipindi kile kifupi alipokuwa na winchi ya mvuke na bado ana tanga.

Nasema bado ana tanga kwa sababu tanga lilikuwa na hisani moja ambayo hakuna mhasibu aliyeiandika. Upepo ukilala, mvuvi naye alilala. Wavu haukokoteki bila upepo, na hakuna mwenye chombo anayeweza kuugombeza upepo. Wakati wa shwari watu walishona nyavu, walifua, walipika vizuri, walilala usingizi wa kweli. Trola ya mvuke ilikuja kufanya jambo moja hasa, nalo ni kuifuta shwari. Chombo kiliweza kukokota wavu penye upepo na pasipo na upepo, mchana na usiku, siku ya kwanza ya safari hadi ya mwisho, na kwa kuwa makaa yaliungua wakati wote, kila saa ambayo wavu haukuwa majini ilihesabiwa kuwa hasara.

Na wala tusidhani kwamba winchi kubwa ya trola iliuvuta wavu wote. Huvuta waya tu. Milango ikishafika juu na kufungwa kwenye nguzo zake za chuma, winchi inakaa kimya na mikono inaanza. Watu walijipanga ubavuni, vifua vimeegemea ukingo, na meli ilipolala upande wao waliunyakua wavu uliolegea. Ilipoinuka waliushikilia kwa nguvu zote, magoti yamebanwa, huku maji ya Februari yakiwamwagikia shingoni. Ilipolala tena walinyakua kipande kingine. Mrusho wa bahari ndio uliokuwa mashine yao, na aliyekosea mwendo wake alivutwa nje. Mfuko wa samaki ulipofikiwa ndipo winchi ilipoitwa tena kuuinua juu ya sitaha, na hapo mtu mmoja aliingia chini yake, ukiwa unabembea na uzito wote ule, akafungua fundo kwa mkono ili samaki waporomoke.

Kisha wavu ulirudishwa majini mara moja. Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu hudhani kwamba kati ya kuvuta na kuvuta palikuwa na mapumziko. Wakati wavu unakokotwa tena, kwa saa tatu, nne au zaidi, watu walikuwa wamesimama katika samaki hadi magotini, kisu mkononi, wakitumbua mmoja mmoja, wakiosha, wakiwateremsha chini. Hakuna mvuke uliotumbua samaki hata mmoja. Ikiwa mavuno ni mengi, kutumbua hakujakwisha wavu unapofika tena juu. Ikiwa ni machache, pengine wavu umechanika na lazima ushonwe kwa vidole vilivyopasuka kwa chumvi. Kwa kuwa wavu wa milango ulileta samaki wengi kuliko wavu wa boriti, chombo kile kile kilichosifiwa kwa kupunguza kazi kiliiongeza pale ambapo kazi ilikuwa ya mikono mitupu. Wanaosimulia habari hizi wakiwa wamekaa ofisini huhesabu tani zilizoshushwa bandarini. Mimi huhesabu matumbo.

Chini nako kulikuwa na watu ambao tanga halikuwahi kuwahitaji. Trola ya Bahari ya Kaskazini ilikwenda na watu kama tisa au kumi, na kati yao wahandisi wawili na mtia makaa, wakati mwingine watia makaa wawili, hawakugusa samaki kabisa. Boila iliwatumikisha kwa zamu zisizokatika. Kadiri safari ilivyosonga, makaa ya karibu yalikwisha na yale ya mbali yalilazimika kubebwa hadi mlangoni pa tanuri, meli ikiyumba, jivu likitupwa baharini ndoo kwa ndoo. Trola zilizokwenda Iceland zilipakia makaa ya ziada hata ndani ya chumba cha samaki, na hayo yalipaswa kuhamishwa yote njiani, chumba kikasafishwa na barafu ikawekwa tayari kabla wavu wa kwanza haujashuka. Nimewahi kumsikia mtu akisema kwamba mtia makaa alikuwa afadhali kwa sababu alikaa penye joto. Aliyesema hivyo hajawahi kusimama mbele ya mlango wa tanuri meli inapopanda wimbi.

Usiku nao ulifutwa kama shwari. Taa za asetilini zilimulika sitaha na kazi ikaendelea. Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika tukio ambalo husimuliwa kama habari ya vita tu. Usiku wa tarehe 21 kuamkia 22 Oktoba 1904, manowari za Urusi chini ya Admirali Rozhestvensky zilipita kwenye Dogger Bank, eneo la kina kifupi la uvuvi katika Bahari ya Kaskazini, zikielekea Mashariki kupigana na Japani, zikawafyatulia mizinga wavuvi wa Hull wa msafara wa Gamecock, kundi la trola zilizovua pamoja, zikidhani ni boti za Kijapani za kurusha torpedo. Trola iitwayo Crane ilizama, na nahodha wake George Henry Smith pamoja na baharia William Leggett wakauawa. Manowari hizo hizo ndizo zilizozunguka Afrika, zikakutanika Madagaska, na kuishia Tsushima mwaka 1905, ziliposhindwa na Wajapani. Watu huuliza Warusi walikuwa wakifikiri nini. Mimi huuliza swali jingine: saa ile, baada ya saa 6 usiku, wavuvi walikuwa wakifanya nini juu ya sitaha, chini ya taa? Walikuwa wakitumbua samaki, na kwao ulikuwa usiku kama usiku mwingine wowote.

Misafara kama Gamecock ndiyo inayopingana vikali zaidi na hadithi ya unafuu. Chukua trola Viola, iliyoundwa Beverley mwaka 1906 kwa ajili ya kampuni ya Hellyer ya Hull, ambayo ilizipa meli zake majina ya wahusika wa Shakespeare. Haikwenda baharini ikarudi na samaki wake. Ilikaa huko wiki tano au sita mfululizo pamoja na wenzake kwa makumi, wakiongozwa na nahodha mmoja mkuu waliyemwita admirali, ambaye kwa bendera mchana na fataki usiku aliamua nani ashushe wavu wapi na lini. Samaki walitiwa masandukuni, na meli ya haraka ilikuja kuwachukua kuwapeleka soko la Billingsgate, London. Masanduku hayo yalifikaje kwenye meli ya haraka? Kwa mashua ndogo iliyopigwa makasia, katikati ya bahari, ikiwa imejaa, watu wawili au watatu ndani yake, wakipambana na mawimbi ili wafike ubavuni mwa meli kubwa na kurusha masanduku juu kwa mikono. Wengi walizama katika kazi hiyo. Kwa hiyo meli zote mbili zilikuwa za mvuke, na kati yake palikuwa na kasia. Viola ilitumikia vita, ikauzwa Norwei, ikawinda nyangumi na sili, na hadi leo imekaa Grytviken, kwenye kisiwa cha South Georgia kusini mwa Atlantiki, injini yake ya mvuke ikiwa bado ndani.

Fedha niziseme kwa ufupi, ingawa zinastahili makala yake. Nahodha na msaidizi wake walilipwa kwa mgawo wa kilichobaki baada ya makaa, barafu na gharama nyingine kukatwa, hivyo safari mbaya iliweza kuwarudisha nyumbani na deni. Wengine walikuwa na mshahara wa juma, na wale wa sitaha waliongezewa kitu kidogo kutokana na mauzo. Mwaka 1901 wamiliki wa Grimsby walitaka kuupunguza mshahara wa uhakika na kuwaingiza watu zaidi katika kubahatisha mauzo. Wavuvi wakakataa, meli zikafungwa bandarini kwa miezi, na mwezi wa Septemba ofisi za shirikisho la wamiliki zikavamiwa na kuchomwa moto, hata askari wakaletwa mjini. Watu waliopunguziwa kazi na mashine hawachomi ofisi.

Sasa niseme jambo ambalo huwa linanisumbua, na ambalo vitabu vya upande wangu hulipita kimya. Wavuvi wenyewe waliukimbilia mvuke. Walioweza kuchagua kati ya jahazi na trola walichagua trola, na sidhani kwamba walidanganywa wote. Dhoruba ya Machi 1883 iliwaua wavuvi wengi wa majahazi ya Hull na Grimsby, na kila familia ya bandarini ilijua maana ya chombo kisichoweza kuukabili upepo kinaposukumwa kwenye mwamba. Chombo chenye injini kilikuwa na njia ya kutoka. Zaidi ya hayo, mke aliweza kujua kwa makadirio ya haki mumewe atarudi lini. Je, kupungukiwa na hofu si aina ya pumziko? Nimelitafakari swali hili kwa miaka na jibu langu bado hubadilika. Kuna siku naona kwamba yule kijana ana sehemu ya haki, endapo angesema usalama badala ya wepesi. Lakini hakusema usalama.

Alisema wepesi, na juu ya hilo kuna shahidi ambaye sihitaji kumtetea. Iceland ilinunua trola yake ya kwanza ya mvuke mwaka 1905, na mwaka 1907 Jón forseti, trola ya kwanza kuundwa kwa ajili ya Waiceland wenyewe, ikafika. Uvuvi ulistawi, na samaki walipokuwa wengi watu walibaki kwenye sitaha siku mbili, tatu mfululizo bila kulala, wakianguka juu ya samaki waliokuwa wakiwatumbua. Mabaharia wakadai, wamiliki wakapinga wakisema kwamba bahari haina ratiba, na hatimaye bunge likaingilia kati. Sheria iliyopitishwa mwaka 1921 haikuwahusu watu wa matanga. Iliwahusu watu wa trola, na iliagiza kwamba katika kila muda wa saa 24 baharia apewe saa 6 za kupumzika. Mwaka 1928 zikaongezwa zikawa 8.